Oksijeni, salfa na nikeli ya Kabanga: dhana potofu na ukweli wake

Januari 2021, Serikali ya Tanzania iliposaini makubaliano ya mradi wa nikeli wa Kabanga, wilayani Ngara, mazungumzo yalijaa bei, ajira, hisa za Serikali na mtambo wa kusafisha madini uliopangwa kujengwa Kahama. Kwa nini nikeli hiyo iko pale na si kwingine, ni wachache waliouliza. Waliouliza walipewa jibu jepesi: magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ilikuwa na salfa, ikapanda, ikapoa, nikeli ikajitenga. Aliyesoma jiolojia kidogo huongezea kwamba oksijeni ilikuwa chache, ndiyo maana. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limefungwa furushi moja na mambo yasiyo kweli, na anayekwenda porini kutafuta nikeli nyingine kwa kulitegemea anaweza kuchoronga mashimo mengi asipate kitu.

Tuanze na msingi. Mbale, yaani mwamba wenye madini ya kuchimbwa, ya nikeli na shaba ya aina hii huzaliwa pale magma inapokuwa na salfa kupita uwezo wake wa kuiyeyusha. Salfa iliyozidi hushikana na chuma na kujitenga kuwa matone ya salfidi, kama mafuta yanavyojitenga na mchuzi, ila matone haya ni mazito na huzama. Nikeli, shaba, kobalti na metali za jamii ya platinamu hupenda kukaa ndani ya salfidi kuliko ndani ya magma, kwa hiyo huhamia humo. Matone yakikusanyika mahali pamoja, hiyo ni hazina. Yakitawanyika, huo ni mwamba wa kawaida tu. Hali ya uoksidishaji inahusika zaidi na hatua ya kwanza kabisa: salfa iko katika sura gani, na magma inaweza kubeba kiasi gani kabla ya kuzidiwa.

Dhana: Hali ya uoksidishaji ni wingi wa gesi ya oksijeni iliyomo ndani ya magma

Humo hamna mapovu ya oksijeni yanayongoja kuunguza kitu. Oksijeni ni karibu nusu ya uzito wa basalti, ule mwamba mweusi wa volkano, lakini yote imefungwa na silikoni, alumini, magnesi, chuma na wenzao. Oksijeni huru ni kiasi cha kuchekesha: katika basalti iliyoyeyuka kwa nyuzi 1200, shinikizo lake ni takriban sehemu 1 katika milioni 200 ya kanieneo ya hewa tunayovuta. Wajiolojia hulipima kwa sababu linaonyesha elektroni zinavyoshikwa ndani ya magma.

Anayetunza hesabu hiyo ya elektroni ni chuma. Ndani ya magma chuma kina sura mbili: feri, ambayo imepoteza elektroni 2, na feriki, ambayo imepoteza 3. Katika basalti za sakafu ya bahari, feriki ni karibu sehemu moja kati ya saba ya chuma chote. Katika magma za matao ya volkano, kama yale ya Indonesia, Japani au milima ya Andes, hufika robo na kuzidi. Ili wasipotezane katika tarakimu zenye sufuri nyingi, wataalamu hulinganisha kila magma na mchanganyiko wa madini matatu, yaani fayaliti, magnetiti na kwatzi, unaofupishwa FMQ. Hatua moja juu ya FMQ maana yake ni oksijeni huru mara 10. Basalti za sakafu ya bahari zinakaa hapo hapo kwenye FMQ. Za matao hupanda hatua moja, wakati mwingine mbili.

Hatua moja au mbili zinaonekana ndogo, lakini kwa salfa ni suala la kufa na kupona.

Dhana: Kutu nyekundu juu ya ardhi inaonyesha kwamba mbale ilizaliwa penye oksijeni nyingi

Hapana. Ile kofia ya kutu inayokaa juu ya salfidi iliyofichuka ni kazi ya mvua na hewa, mamilioni ya miaka baada ya magma kuganda. Ni dalili nzuri ya kutafutia, na wachimbaji wanaijua kwa macho, ila haisemi lolote kuhusu magma. Vivyo hivyo kwa Musongati, upande wa Burundi. Miamba yake ni ndugu wa ile ya Kabanga, katika mkanda mmoja unaovuka mpaka, lakini nikeli inayosifika pale iko ndani ya udongo mwekundu uliobaki baada ya mwamba kuoza katika hali ya hewa ya kitropiki. Huo pia ni uoksidishaji, lakini ni wa jua na mvua, na mtu akiuchanganya na wa magma hataelewana na yeyote.

Dhana: Oksijeni ikizidi, salfa huungua na kutoweka, hivyo magma ya namna hiyo haina salfa

Mambo ni kinyume kabisa. Penye oksijeni chache, salfa hukaa kama salfidi, ikiwa imepokea elektroni 2. Basalti ya kawaida katika hali hiyo hushindwa kubeba zaidi ya sehemu 1000 hadi 1500 za salfa katika kila milioni. Zaidi ya hapo, matone yanaanza kudondoka. Oksijeni ikipanda, salfa hupoteza elektroni zake na kuwa salfeti, ambayo magma huyeyusha kwa ukarimu, kufikia karibu mara 10 ya kiasi cha kwanza. Mgeuko wenyewe hautokei polepole. Karibu wote unafanyika ndani ya hatua mbili kuanzia FMQ kwenda juu, yaani katika uwanja ule ule zinapokaa magma nyingi za dunia hii.

Kwa hiyo magma yenye oksijeni nyingi inaweza kuwa tajiri wa salfa na bado isidondoshe tone hata moja la salfidi. Metali zake zinabaki ndani, zinasafiri nayo hadi karibu na uso wa dunia. Hapo shaba na dhahabu huchukuliwa na maji ya moto na kutandazwa katika nyufa nyembamba za mwamba. Hazina kubwa za shaba za Chile zilipatikana kwa njia hiyo. Ni shaba pia, lakini hadithi yake ni nyingine kabisa, na nikeli haimo.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa hapa. Magma huzaliwa katika mantili, tabaka lililo chini ya ganda la dunia, na huko nako kuna salfidi kidogo iliyoshika nikeli na shaba. Mwamba wa mantili ukiyeyuka kidogo tu, salfidi hiyo inabaki nyuma na metali zake. Ukiyeyuka sana, kiasi cha robo hivi, salfidi yote inakwisha na metali zinapanda pamoja na magma. Mantili yenye oksijeni zaidi humaliza salfidi yake mapema, kwa sababu magma inayotoka humo ina uwezo mkubwa wa kubeba salfa. Oksijeni, basi, inaweza kuwa rafiki mwanzoni mwa safari na kizuizi mwishoni. Anayeiita adui bila kusema hatua gani ya safari anaizungumzia, hajasema kitu.

Dhana: Magma ikipanda na kupoa, salfidi hujitenga yenyewe

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ina mantiki ya kuvutia: vitu vikipoa huganda, na vikiganda hujitenga. Kupoa kweli hupunguza uwezo wa magma kubeba salfa. Lakini kanieneo ikipungua, uwezo huo huongezeka, na kwa magma inayotoka kilomita nyingi chini, nguvu ya kanieneo inashinda. Magma inaweza kuondoka mantili ikiwa imejaa salfa pomoni, ikafika karibu na uso ikiwa na nafasi tele. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyozidi kuwa mbali na kudondosha salfidi.

Ni kweli kwamba ikikaa chumbani ikapoa na kugandisha madini yake mengi, mwishowe itazidiwa na salfa. Shida ni mbili. Kwanza, kwa wakati huo olivini, ambayo ni madini ya mwanzo kuganda, imeshakomba nikeli nyingi na kuifungia ndani yake. Pili, salfidi inayopatikana hivyo ni chembe chache zilizotapakaa katika mwamba mzima, asilimia 1 au chini ya hapo. Hakuna mgodi unaofunguliwa kwa hilo.

Ili matone yawe mengi, na yawe mapema, salfa ya ziada lazima itoke nje ya magma. Kabanga ushahidi wake uko wazi. Salfa ina atomu nyepesi na nzito, zenye uzito wa 32 na 34, na uwiano wake ni kama alama ya ukoo. Salfa ya mantili iko karibu na sufuri katika kipimo kinachotumika. Salfidi za Kabanga zinasoma kuanzia 10 hadi 24 juu ya sufuri, katika sehemu za elfu. Kiasi hicho hakitoki mantili. Kimetoka katika miamba ya tope la kale la mkanda wa Karagwe na Ankole, ambayo magma iliipasua na kuila ilipokuwa ikipanda, miaka ipatayo bilioni 1.4 iliyopita.

Ukikutana na kipande cha mwamba kilichochorongwa kutoka hazina ya aina hii, unayaona haya bila darubini. Salfidi yenyewe ina rangi ya shaba iliyofifia, nzito mkononi kuliko jiwe la ukubwa huo, na sumaku inaivuta: hiyo ni pirotiti, salfidi ya chuma, ambayo ndiyo sehemu kubwa. Pentlanditi, inayobeba nikeli, imejificha ndani yake kwa madoa yaliyopauka kidogo. Kalkopiriti, yenye shaba, ni ya manjano kama dhahabu, na ndiyo inayowadanganya wageni. Kando yake kuna mwamba mweusi wa tope; upitishe kidole, na kidole kinabaki na weusi unaong'aa. Hiyo ni grafiti, yaani kaboni.

Upekee upo. Sudbury, Kanada, magma haikupanda kutoka mantili: kimondo kikubwa kiligonga dunia miaka bilioni 1.85 iliyopita, kikayeyusha ganda lenyewe pamoja na salfa yake. Hapo hakuna haja ya kutafuta mwamba uliolipa salfa, kwa sababu magma yote ni ganda lililoyeyuka.

Dhana: Palipo na grafiti, nikeli haiko mbali

Imani hii imetokana na jambo la kweli. Kabanga ina miamba ya grafiti. Voisey's Bay, pwani ya Labrador, iliyogunduliwa 1993, magma yake ilipita katika miamba yenye grafiti na salfidi. Duluth, Marekani, ni hivyo hivyo. Mtu akiona mara tatu, anafanya kanuni: kaboni inanyang'anya magma oksijeni, salfeti inageuka salfidi, matone yanadondoka.

Kanuni hiyo inafanya kazi kwa sharti moja: kuwepo salfeti ya kugeuzwa. Magma iliyoko FMQ au chini yake haina salfeti ya maana. Salfa yake karibu yote tayari ni salfidi. Ukiinyang'anya oksijeni, unageuza nini? Tena kuna kejeli ndogo. Kaboni ikigeuza feriki kuwa feri, chuma cha feri kinaongezeka, na feri ndiyo inayoshika salfidi ndani ya magma. Katika basalti ya kawaida, feri zaidi maana yake ni uwezo mkubwa zaidi wa kubeba salfidi. Kaboni peke yake, katika magma isiyo na salfeti, inaweza kusogeza mambo kidogo kuelekea upande usiotakiwa.

Mahali ambapo kaboni inabadili mchezo ni pale magma ilipoanza na oksijeni nyingi. Mfano mzuri ni Aguablanca, kusini-magharibi mwa Hispania, mkoa wa Badajoz. Pale palikuwa na tao la volkano, mazingira ambayo kwa kawaida hutoa shaba ya nyufa na si nikeli. Magma ikajipenyeza katika miamba myeusi ya kale yenye grafiti na piriti, ambayo nayo ni salfidi ya chuma. Kwa pigo moja ilipata salfa ya ziada na kupoteza oksijeni, salfidi ikajitenga, na mgodi wa nikeli ukafunguliwa katika mazingira ambayo vitabu vya zamani visingewashauri watu wapoteze muda. Tangu hapo wataalamu hawapuuzi tena matao.

Kabanga, kwa maoni yangu, kazi kubwa ilifanywa na salfa ya miamba ile, si grafiti yake. Salfa iliyokuwamo katika tope lile ilikuwa tayari salfidi. Haikuhitaji kugeuzwa, ilihitaji kuyeyushwa tu. Grafiti ilihakikisha kwamba haigeuki kuwa kitu kingine. Na kama grafiti pekee ingekuwa ishara, Mahenge ingekuwa jirani wa Kabanga katika orodha za nikeli. Mahenge inajulikana duniani kwa grafiti.

Dhana: Jasi ni salfa, kwa hiyo magma ikila jasi inapata mbale bila jasho

Hapa tunafika Norilsk, kaskazini ya mbali ya Urusi, na pazuri pa kukaa kidogo.

Norilsk na jirani yake Talnakh ni miongoni mwa hazina kubwa kabisa za nikeli, shaba na paladi (mojawapo ya metali za jamii ya platinamu) duniani. Magma yake ni sehemu ya mafuriko ya basalti ya Siberia, ya miaka ipatayo milioni 250 iliyopita. Ilipanda kupitia tabaka nene za anhidriti, ambayo ni jasi isiyo na maji, kisha katika tabaka zenye makaa ya mawe. Alama ya ukoo ya salfa iliyo katika mbale iko kati ya 8 na 12, mbali na mantili na ikielekea upande wa jasi. Wengi wakasema: basi, magma ilikula jasi, ikapata salfa, kesi imekwisha.

Lakini salfa ya jasi ni salfeti, sura ile ile ambayo magma huyeyusha bila shida na ambayo haidondoshi kitu. Kutoka salfeti hadi salfidi, kila atomu ya salfa inahitaji elektroni 8. Nani anazitoa?

Wa kwanza kuombwa ni chuma cha feri, maana kimo ndani ya magma tayari. Kila atomu ya feri inaweza kutoa elektroni 1 na kuwa feriki. Kwa hiyo atomu 1 ya salfa inataka atomu 8 za chuma. Tuweke kwa kilo: kilo 1 ya salfa iliyotoka kwenye jasi inahitaji kilo 18 hivi za oksidi ya feri. Basalti ya kawaida ina kiasi cha asilimia 10 ya oksidi hiyo. Hivyo kilo 1 ya salfa ingekausha feri yote iliyomo katika kilo 180 za magma. Na salfidi inayotakiwa ni ya chuma cha feri! Ukiitumia feri yote kutoa elektroni, inabaki gani ya kushikana na salfa? Kabla hujafika huko magma imeshapanda hatua kadhaa juu ya FMQ, na salfa mpya unayoongeza inabaki salfeti. Jasi, ikiliwa peke yake na kwa wingi, inaipeleka magma mbali zaidi na mbale.

Sasa weka kaboni. Atomu 1 ya kaboni ikigeuka hewa ya kaboni dioksidi hutoa elektroni 4, kwa hiyo atomu 2 zinatosha kwa atomu 1 ya salfa. Kilo 1 ya salfa inahitaji gramu 750 za kaboni. Kilo 18 za oksidi ya feri dhidi ya gramu 750 za kaboni: tofauti hiyo inaeleza kwa nini macho ya wataalamu wengi yalihamia kwenye makaa ya mawe. Na hayakuwa mbali. Mji wa Norilsk uliwahi kuchimba makaa yake hapo hapo. Makaa yakichomwa na joto la magma hutoa pia methani na gesi nyingine zinazoweza kusambaa na kufanya kazi hiyo hata pasipogusana na mwamba wenyewe.

Ubishi kuhusu Norilsk bado upo. Wako wanaoona kwamba salfa iliingia chini zaidi na salfidi ikafika ikiwa tayari imejitenga, wengine wanasisitiza kwamba yote yalifanyika pale. Lakini hata anayeegemea upande wa jasi lazima alipe deni la elektroni. Maelezo yanayotaja jasi yakanyamaza kuhusu elektroni ni ya kuyatilia shaka papo hapo.

Somo la mtafutaji ni kwamba jasi iwe na jirani yake mwenye kaboni. Moja pasipo mwenzake ni nusu ya ramani.

Dhana: Pima mwamba leo, utajua oksijeni ya magma ilivyokuwa

Laiti ingekuwa hivyo. Mwamba wa leo ni matokeo ya kila kilichoupata. Kama magma ilikula grafiti njiani, kipimo kinaonyesha hali ya baada ya kula, si ya kabla. Volkano ikipumua salfa nje kama gesi, elektroni zinahama nayo. Kisha mwamba wenye olivini nyingi ukikutana na maji hubadilika kuwa serpentini, na katika mabadiliko hayo huzaliwa magnetiti mpya, yenye feriki, ambayo haikuwamo ndani ya magma hata chembe. Mtu akipima feri na feriki ya mwamba huo mzima anapima maji, si magma.

Ndiyo maana wataalamu hukimbilia mahali palipojifunga: vitone vidogo vya magma vilivyonaswa ndani ya fuwele za olivini, chembe za kromiti, au metali ya vanadi iliyoingia ndani ya olivini. Vanadi ni shahidi mzuri, kwa sababu namna inavyogawanyika kati ya olivini na magma inategemea oksijeni moja kwa moja, na ikishafungiwa humo haisumbuliwi kirahisi na kinachotokea baadaye. Na kipimo kimoja hakitoshi. Unataka olivini ya mwanzo na olivini ya mwisho, uone kama kati yao kulitokea kitu.

Dhana: Oksijeni ikiwa sawa na salfa ikiwa nyingi, nikeli itakuwa nyingi

Salfa nyingi ni salfidi nyingi. Utajiri wa salfidi hiyo ni swali lingine, na jibu lake linategemea magma kiasi gani ilipata kuoshana na kila kilo ya salfidi.

Chukua magma ya mfano yenye sehemu 300 za nikeli katika milioni na sehemu 10 za paladi katika bilioni. Tuseme nikeli hupendelea salfidi mara 500 kuliko magma, na paladi mara 100,000. Kila kilo ya salfidi ikioshana na kilo 100 za magma, salfidi inapata nikeli asilimia 2.5 na paladi gramu 1 kwa tani. Ikioshana na kilo 1000, nikeli inapanda hadi asilimia 10, na paladi inakaribia gramu 10. Ukifika kilo 10,000, paladi inavuka gramu 90, na nikeli haisogei tena sana, kwa kuwa imeshakaribia kikomo chake.

Linganisha sasa hazina mbili. Norilsk ina paladi na platinamu kwa kiasi kinachotikisa soko la dunia. Kabanga ina nikeli, shaba kidogo na kobalti, na metali za jamii ya platinamu ni chache. Mifereji ya magma ya Norilsk ilipitisha magma nyingi juu ya salfidi ile ile. Kabanga magma ilipewa salfa kwa mkono mkunjufu na miamba ya tope, salfidi ikawa nyingi kuliko magma iliyobaki ya kuilisha. Salfa ikizidi, kila tone linapata mgawo mdogo.

Hapa hali ya uoksidishaji inarudi kwa mlango wa nyuma, kwa njia ya muda. Magma iliyopoteza oksijeni yake mapema, chini kabisa ya ganda, inadondosha salfidi huko huko, na kinachofika juu ni magma iliyonyang'anywa nikeli, shaba na karibu paladi yote. Hata ikikutana baadaye na tope lenye salfa na grafiti kwa wingi, itatoa pirotiti nzuri ya kung'aa isiyo na thamani. Mtu anayechoronga anaifurahia sampuli hiyo kwa siku chache, mpaka majibu ya maabara yanaporudi na nikeli chini ya nusu asilimia. Ndiyo maana olivini huangaliwa kwanza: ikiwa na nikeli pungufu kuliko inavyostahili kwa kiwango chake cha magnesi, kuna salfidi iliyokwishapita na nikeli hiyo, na kilichobaki ni kujua kama iliachwa chini kusikofikika au mita mia kadhaa kutoka pale ulipo.